Shajara ya dushi ya Keshero: karo, maji na mstari wa kalamu

Yaya, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, anaishi Liège, Ubelgiji, na anajenga Goma. Mimi mdogo wake ndiye macho yake hapa Keshero. Nyumba ina mabati tangu mwaka jana, sasa tumefika kwenye dushi, yaani bafu lenye choo ndani, chumba kidogo kuliko vyote na chenye kula pesa kuliko vyote. Naandika ili Yaya aache kunipigia kila jioni, na pia kwa wengine wanaojengewa na wadogo zao, maana wote wanatumiwa picha zilezile za karo zinazong'aa na fundi anayetabasamu. (Karo hapa kwetu ni vigae. Wasomaji wa Kenya na Tanzania, msidhani nalipia shule.) Bei ni za dola. Mwaka huo wa 2022 dola moja ilikuwa kama faranga 2,000 za Kongo.

4 Julai 2022

Chumba ni mita 2.10 kwa 1.80. Kuta ni za matofali ya simenti, plasta imekauka. Chini ni mawe ya lava, changarawe nyeusi, kisha zege ya sentimita 8.

Kila anayefika anauliza kwa nini dushi ina ngazi mbili za kupanda. Ni kwa sababu ya fosi, shimo la maji machafu ya choo. Wachimbaji walifika mita 1.20 wakakuta mwamba mmoja usio na mwisho. Walipiga nyundo na mtaimbo siku nne, wakatoa ndoo mbili za vipande na malalamiko mengi. Fosi ikabaki ya juu, nusu yake imejengwa juu ya ardhi. Tiyo (bomba) la choo linahitaji mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita, na kutoka choo hadi fosi ni mita 6. Fosi ikikataa kushuka, choo kinapanda. Ukijenga juu ya lava, chimba fosi kwanza, halafu ndipo upange kimo cha sakafu. Sisi tulifanya kinyume, tukaongeza ngazi baadaye.

11 Julai

Kabla ya karo, ufa. Nyiragongo iliporipuka tarehe 22 Mei 2021 lava haikufika huku, lakini matetemeko ya siku zilizofuata yalifika. Ukuta wa dirisha ulipasuka kwa mshazari kutoka pembe ya chini ya dirisha hadi karibu na sakafu. Fundi alitaka kuuziba kwa simenti na kupandisha karo juu yake siku hiyohiyo. Nilikataa. Ufa unaocheza utapasua na karo.

Mwezi Mei nilikuwa nimebandika vidonge vitatu vya plasta nyembamba juu ya ufa, nikaandika tarehe kwa kalamu kwenye kila kimoja. Leo vyote vitatu ni vizima, maana yake ukuta umetulia. Tumeufungua ufa kwa patasi hadi ukawa kama mfereji, tumeosha vumbi, tumejaza simenti na mchanga, na kufunika kwa wavu wa waya upana wa sentimita 30 chini ya plasta mpya. Dola 12 kwa wavu na vipande vya kitambaa cha pembeni ambavyo tutavihitaji baadaye.

20 Julai

Manunuzi Birere, mtaa wa maduka hapa Goma. Karo za ukuta ni nyeupe, 25 kwa 40, boksi lina 15, yaani mita ya mraba moja na nusu, kwa dola 13. Hesabu yangu: kuta hadi kimo cha mita 2, toa mlango na dirisha, inabaki mita za mraba 13.8. Boksi 10 zinatoa 15. Nikaona nimejiachia nafasi ya kutosha. Karo za chini ni za kijivu, 30 kwa 30, zile ngumu zisizoteleza, boksi 3 kwa dola 18 kila moja.

Nililipa kwa noti ya mia iliyokuwa na mchaniko mdogo kama wembe ukingoni. Mama wa duka aliinyanyua kwenye mwanga, akanirudishia bila neno. Nilikwenda kuibadilisha kwa wale vijana wa barabarani, nikapoteza dola 4. Yaya, tafadhali, unapotuma pesa mkononi mwa mtu, kagua noti zote.

Usafiri: chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukuma), faranga 10,000. Yule kijana ni hodari, alipakia boksi zote 13 kama anapanga vitabu, akafunga kwa kamba ya mpira. Lakini alizilaza. Karo husafiri zikiwa zimesimama kwa ukingo, na chini yake gunia au sponji. Kutoka lami hadi kwetu ni mawe matupu, na kila ruko la gurudumu la mbao lilikuwa linapiga boksi la chini. Tulipofungua, karo 11 za ukuta zilikuwa zimevunjika. Zile ngumu za chini hazikupata hata alama. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyekuwa nasukuma nyuma.

30 Julai

Sakafu ya simenti ya kutengeneza mteremko imemwagwa tarehe 23, unene wa sentimita 4 hadi 6. Jana na leo nimefanya jaribio la maji, na limeshindwa mara mbili.

Kwanza, mteremko. Nilimwaga ndoo moja kwenye kona ya dushi, nikasubiri maji yaende kwenye tundu. Yalikwenda mlangoni. Fundi alikuwa amepima kwa jicho na uzi. Nivo ya tiyo, lile tiyo refu la plastiki lenye maji ndani la kupimia usawa, ilionyesha kwamba upande wa mlango uko chini ya tundu kwa sentimita moja nzima.

Pili, uvujaji. Tuliziba tundu kwa kitambaa ndani ya mfuko wa nailoni, tukajenga ukingo wa udongo mlangoni, tukamwaga bidoni sita za lita 20. Majirani walikuja kutazama mtu anayemwaga maji ya kununua chini, faranga 250 kila bidoni. Nikachora mstari wa kalamu ukutani palepale maji yalipogusa, nikaandika saa.

Baada ya saa 24 maji yalikuwa yameshuka milimita 15. Jua halikuingia, upepo haukuwepo. Fundi alizunguka nyumba nzima akarudi: "Patro, inje kuko kukavu. Hakuna maji inatoka." Na kweli nje palikuwa pakavu. Lakini hapa ni Goma. Mvua ikinyesha kwa muda wa saa mbili, barabarani hubaki madimbwi machache tu, mji mzima hauna mto hata mmoja, kwa sababu lava inakunywa kila kitu. Bukavu, kwenye udongo mwekundu, ukuta wa jirani wa chini ungelowa ukakuletea kesi. Hapa dushi inaweza kuvuja miaka kumi chini ya karo na usione tone. Utaona tu siku changarawe ya chini ikianza kuhama na sakafu kushuka. Shahidi pekee ni ule mstari wa kalamu.

Maji yalipita wapi? Tulipobomoa kuzunguka tundu tulikuta mwanya mwembamba kama unywele kati ya simenti na tiyo la plastiki. Simenti ikikauka husinyaa kidogo, na haishiki plastiki laini.

13 Agosti

Sakafu imevunjwa na kumwagwa upya. Mifuko miwili ya simenti imekwenda bure, dola 25. Safari hii tulifanya hivi: tiyo lilikwaruzwa kwa msasa, likapakwa gundi ya plastiki, likanyunyiziwa mchanga mkavu kabla gundi haijakauka. Likikauka linakuwa na ngozi kama ya mamba, na simenti inapata pa kushika. Mteremko sentimita 2 kwa mita, kila upande kuelekea tundu, umepimwa kwa nivo mbele ya macho yangu.

Kisha dawa ya kuzuia maji, ile ya unga na maziwa yake, kilo 20, dola 48. Hii ndiyo pesa ambayo Yaya hakuielewa. "Mdogo wangu, dola 48 kwa kitu ambacho hakitaonekana?" Ndiyo, Yaya. Tumepaka mara mbili, mkono wa pili ukikatisha wa kwanza, sakafu yote na kuta hadi sentimita 30, upande wa dushi hadi mita 2. Kwenye pembe zote na kuzunguka tundu kuna kitambaa cha wavu kilichozamishwa katikati ya mikono miwili. Kwanza pembe tulizizungushia simenti kidogo ili zisiwe kali, maana dawa hukatika kwenye pembe kali.

Jaribio la pili, tarehe 12: bidoni sita, mstari, saa 24. Imeshuka chini ya milimita 2. Nimekubali.

27 Agosti

Kuta zimekwisha, isipokuwa safu ya chini kabisa, ambayo huwekwa baada ya sakafu. Fundi wetu kwenye kuta ni bingwa, sina la kumfundisha. Anazilowesha karo za ukuta kwenye beseni hadi ziache kutoa mapovu, anaziweka kwa uji mzito wa simenti, anagonga mara tatu kwa mpini wa nyundo, anasonga mbele. Alianzia safu ya pili juu ya ubao ulionyooshwa kwa nivo, akapanda.

Tulipofika ukuta wa mlango niliona zilizobaki hazitatosha. Zile 11 za chukudu zimeniuma. Nilirudi duka lilelile, jina lilelile kwenye boksi, nikanunua boksi mbili. Fundi akaweka karo moja mpya kando ya ya zamani, akainamisha kichwa. Nyeupe ya zamani ilikuwa na umaziwa kidogo, mpya ilikuwa ya kibuluu. Ubavuni mwa boksi kuna namba ndogo ya rangi ya mzigo. Za kwanza ziliandikwa namba moja, hizi nyingine. Hakuna aliyeniambia, wala mimi sikusoma.

Hatukuzichanganya. Ukuta wote wa mlango, mita mbili za mraba tu, umewekwa karo mpya kutoka pembe hadi pembe. Mwanga wa dirisha hauupigi sawa na kuta nyingine, kwa hiyo jicho linadhani ni kivuli. Za zamani 13 nimeziweka akiba juu ya dari, na namba yao nimeiandika kwenye ubao wa dari.

10 Septemba

Wiki mbaya kuliko zote.

Karo za chini ziliwekwa tarehe 2. Zilikuwa nzuri, Yaya alipata picha yake, akaiweka kwenye hali yake ya WhatsApp, shangazi zote wakapongeza. Tarehe 8 niliingia pekupeku nikasikia moja inacheza chini ya kisigino. Nikachukua sarafu ya zamani niliyo nayo, nikagonga karo moja moja. Iliyoshika inatoa mlio mfupi, tak. Iliyo tupu inatoa mlio wa chungu. Kati ya 42, tupu zilikuwa 19.

Nikaingiza kisu cha jikoni chini ya ile inayocheza. Ilitoka nzima kama kifuniko, na mgongo wake ulikuwa safi, msafi kama sahani iliyooshwa. Uji wa simenti ulibaki chini, na alama ya mistari ya karo imechapwa juu yake vizuri kabisa. Haikushika hata kidogo.

Fundi alikasirika, nami namwelewa. "Siye tunafanyaka vile tangu zamani, na karo za watu ziko." Kweli, ziko. Lakini karo alizozizoea ni za udongo wa kawaida, zile zinazokunywa maji. Uji wa simenti unaingia kwenye vitundu vya mgongo wake, unakauka humo, ndiyo unashika. Hii ngumu ya kijivu haikunywi. Tuliijaribu pale pale: tulidondosha maji kwenye mgongo wa karo mbili, moja ya ukuta na moja ya chini. Kwenye ya ukuta tone lilipotea tukitazama. Kwenye ya chini lilikaa limejikunja kama shanga, na baada ya chai lilikuwa bado lipo. Fundi aliliangalia lile tone muda mrefu. Akasema tu, "Basi tutafute kole."

Kole ni gundi ya unga ya karo. Birere ipo, lakini mfuko tuliouonyeshwa ulikuwa umeanza kuwa mawe ndani. Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, tulipata ya mwezi huu, kilo 25 kwa dola 11, mifuko miwili. Tangu Juni 2022 mpaka ulikuwa ukifungwa saa tisa alasiri, kwa hiyo hii ilikuwa safari ya asubuhi, si ya baada ya kazi.

Kulikuwa na tatizo jingine nililolinyamazia wiki nzima: harufu. Jirani mmoja alisema labda ni mazuku, maana huku Keshero na kuelekea Lac Vert watu wanayaogopa, na wana haki. Lakini mazuku ni hewa nzito ya kaboni dioksidi inayolala mabondeni, haina harufu, ndiyo maana inaua watu bila wao kujua. Hii ilinuka fosi. Nikainua kile kichujio cha tundu nikamulika kwa simu: tiyo tupu, moja kwa moja hadi gizani. Hapakuwa na sifoni, ile kona ya tiyo inayobaki na maji ili kuzuia hewa ya fosi. Tulinunua kichujio cha dola 6 tukadhani tumenunua kila kitu. Choo kina maji yake yanayozuia hewa ya fosi, lakini tundu la sakafu lilikuwa mlango wazi.

Kama karo zingeshika vizuri, ningelazimika kuvunja sakafu nzima kwa ajili ya sifoni. Nimejifariji hivyo.

24 Septemba

Karo zote 42 zimetolewa. Saba zimevunjika, zilizobaki zimesuguliwa. Nilikuwa na akiba ya sita tu, na nyingine zinahitajika kukatwa upya kuzunguka tundu, kwa hiyo boksi moja zaidi, dola 18. Safari hii nilisoma namba. Kijivu kilekile.

Patasi ilijeruhi dawa ya maji mahali pengi. Tulikata kuzunguka tundu, tukaweka sifoni ya dola 14 yenye kimo cha maji cha sentimita 5, tukarudia ngozi ya mamba, kitambaa, na dawa iliyobaki kwenye ndoo. Tukaongeza tiyo la hewa kutoka fosi hadi juu ya mabati, kwa sababu bila hilo choo kikimwagwa kinaweza kunyonya maji ya sifoni. Jaribio la tatu la maji. Majirani hawaji tena kutazama. Mstari haukusogea.

Kuweka kwa kole: mwiko wenye meno ya milimita 8, mistari yote upande mmoja, na tabaka jembamba limepakwa pia mgongoni mwa karo. Weka, sukuma huku na huku, gonga. Sheria yangu mpya: kila karo ya kumi inainuliwa ikiwa mbichi. Ya kwanza tuliyoinua ilikuwa na pembe mbili tupu. Fundi akaongeza kole bila kuambiwa. Ya pili ilikuwa imejaa yote. Siku tatu hakuna aliyekanyaga, niliufunga mlango kwa waya.

Mimi na fundi tumegawana hasara. Kazi ya kurudia ingekuwa dola 60, nimelipa 30.

2 Oktoba

Safu ya chini ya ukuta imewekwa. Mianya ya karo, milimita 3 chini na 2 ukutani, imejazwa unga wake maalumu wa kijivu. Fundi alishauri simenti nyeupe kwa kuwa ni rahisi, lakini nimeoga kwenye dushi nyingi za Goma na naijua rangi ya simenti nyeupe baada ya miezi sita. Futa kwa sponji yenye unyevu baada ya dakika 20 hivi, usichelewe. Kona moja tulienda kula kwanza, na ukungu wa unga uliokauka juu ya karo ulitutoa jasho saa nzima.

Pembe ambapo kuta zinakutana, na pale ukuta unapokutana na sakafu, hakuna unga, kuna silikoni. Mji huu unatikisika. Unga ungepasuka kwa tetemeko la kwanza.

12 Oktoba

Kiti cha choo, lavabo (sinki la kunawia) na robine (bomba la kufungulia maji) vimefungwa kwa siku moja. Hakuna cha kusimulia, ila skrubu za kiti zikazwe kwa mkono, si kwa nguvu za ugomvi.

Gharama yote: dola 892. Karo 228, chukudu 5, simenti na mchanga 105, kole, unga wa mianya na silikoni 49, dawa ya maji na wavu 60, tiyo na vichujio viwili 47, choo, lavabo na robine 165, mikono ya watu 233. Bajeti tuliyokubaliana ilikuwa 700. Faranga za maji ya majaribio sikuziweka, wala dola 4 za noti iliyochanika.

Mlango bado. Ubao tulionao umevimba, nimeagiza wa alumini, nikiupata nitaongeza tarehe hapa.

Yaya atakuja Desemba mwaka kesho, si kabla. Nyumba isiyo na mtu sifoni yake hukauka, na harufu inarudi. Kwa hiyo kila Jumamosi ya pili napita, namwaga nusu bidoni kwenye tundu, kisha kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia yaelee juu ili maji yasipungue haraka. Jana nilimwambia nimetoka huko. Hakuomba picha ya karo. Aliniandikia: "Nitumie video ya maji yakiingia kwenye tundu, na unisikilizishe sarafu."